Mkunjo wa Mwisho

Mwaka jana, Jumapili moja kabla ya Krismasi, nilimsamehe mjukuu wangu kosa ambalo nilikuwa nimelifanya mimi. Nilimsamehe kwa sauti nzuri kabisa, ya upole, mpaka baba yake akanishukuru. Mtoto ana miaka sita.

Ngoja nianze vizuri, maana nikianzia hapo mtaniona mtu mbaya kabla hamjanijua, na afadhali mnijue kwanza halafu mnihukumu wenyewe.

Mimi ni fundi wa vitabu. Si wa kuandika, hapana, darasa la nne lilinitosha na mimi nikalitosha. Mimi nashona. Chumba changu cha kazi kiko nyuma ya duka la madaftari, mlango wa pembeni, ukiingia inabidi uiname kidogo. Watu wananiletea vitabu vya nyimbo vilivyoachia, vitabu vya mahudhurio vya shule, majalada ya mawakili, na kamusi ambazo wanafunzi wamezikalia badala ya kuzisoma. Bibi anasema ninanuka gundi hata siku ya harusi. Kweli. Hata siku ya harusi yetu nilinuka hivyo hivyo.

Nyie mkitazama kitabu mnaona kurasa. Mimi naona mikunjo. Karatasi moja kubwa inachapwa huku na huku, inakunjwa mara tatu, inakuwa kurasa kumi na sita. Huo ndio mkunjo mmoja. Kitabu cha kurasa mia na sitini kina mikunjo kumi. Unaipanga, unaishona mmoja mmoja kwa uzi uliopakwa nta, unapaka gundi mgongoni, unakibana, unakiacha mpaka kesho. Na kabla ya kushona unahesabu mikunjo mara mbili. Si mara moja. Hiyo ndiyo sheria ya chumba changu, na mwanangu aliyekulia humo, akilala kwenye vipande vya karatasi wakati mama yake yuko sokoni, anaijua kuliko jina lake. Miaka arobaini na moja sijamrudishia mtu kitabu kilichopungua ukurasa. Hilo lishikeni, maana ndilo lililomponza mtoto.

Wajukuu ninao wawili, wa kike wote. Mkubwa tunamwita Mwalimu. Ana miaka kumi na moja na tangu aanze kuongea anasahihisha watu. Mdogo ni Chiriku, kwa sababu hanyamazi, hata akila, hata akioga. Zamani walikuwa wanakaa mtaa wa pili tu. Ikifika tarehe mosi Desemba, wanakuja kwangu chumbani jioni baada ya shule, tunafungua kitabu kipya cha hadithi. Nasoma ukurasa, Mwalimu anasoma ukurasa. Mimi nasoma kwa kidole, polepole, yeye anasoma mbiombio kama anafukuzwa, Chiriku yuko sakafuni na mkasi anakata vipande vyangu vya karatasi. Tunakigawa kitabu vizuri ili kiishe siku ya Krismasi yenyewe, baada ya chakula. Hatumalizi kabla. Mtu akichungulia mwisho, anaosha vyombo. Mwalimu ameosha vyombo vingi sana.

Kuhusu huo mkasi. Chiriku akiwa na miaka mitatu aliwahi kukata picha ya ng'ombe kwenye kitabu cha shule cha dada yake. Alimkata vizuri, na pembe zote. Lilikuwa jambo la kucheka baada ya wiki moja, lakini kwenye familia mtu akishapata jina la kukata, limekaa.

Basi miaka mitatu iliyopita wakahama. Mkwe wangu ni muuguzi, alipata kazi hospitali moja ya mbali, mbali ya ndege, na mwanangu akamfuata na watoto. Sikulalamika. Nilibeba masanduku. Nikaenda chumbani kwangu nikapanga upya vifaa ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Ila kusoma hatukuacha. Kila mwezi wa kumi naenda kwa muuza vitabu vikuukuu, natafuta kitabu cha hadithi chenye nakala mbili. Moja yangu, moja yao. Navifumua vyote viwili, nashona upya, naweka jalada gumu la kitambaa, maana huko njiani vifurushi vinatupwa kama viazi. Halafu napeleka posta. Jumapili kwa Jumapili wanapiga simu, wao wamefungua chao, mimi changu, Bibi anaweka spika, tunasoma. Si kama zamani, lakini ni kitu. Na kila mwaka mwanangu anasema, "Baba, Krismasi ijayo tunakuja." Mwaka wa kwanza hawakuja. Wa pili hawakuja. Wa tatu, mwanzoni mwa Novemba, akapiga simu katikati ya wiki, nikajua.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Sema."

"Mama watoto amepangiwa zamu mpaka tarehe ishirini na nne. Hatujajua kama..."

"Hamna shida," nikasema.

"Baba, najua tuliahidi."

"Nimesema hamna shida. Kazi ni kazi."

Nikamwambia asalimie watoto, nikaweka simu chini. Bibi alikuwa anakunja nguo. Akaniangalia.

"Umekasirika."

"Sijakasirika."

"Basi uambie uso wako, maana haujapata taarifa."

Nikavaa viatu nikaenda kazini. Mezani palikuwa na kitabu cha mwaka huo, nakala zote mbili zimeshafumuliwa, mikunjo kumi hapa, mikunjo kumi pale. Ilikuwa hadithi ya punda wa muuza chumvi aliyekataa kuvuka daraja. Kitabu kizima watu wanambembeleza huyo punda. Wanamvuta, wanamsukuma, wanamwimbia, mganga wa mifugo anakuja, mkuu wa polisi anakuja na barua, punda amesimama tu. Kwenye mkunjo wa mwisho ndipo unajua kama atavuka na kwa nini alikataa. Nilishausoma. Hadithi nzuri sana.

Nikahesabu mikunjo ya kitabu chao mara ya kwanza: kumi. Nikahesabu mara ya pili: kumi. Halafu nikauchukua ule wa kumi nikauweka pembeni, nikashona tisa.

Hakuna aliyeniambia. Hakuna shetani. Mkono ulikuwa wangu na uzi ulikuwa wangu. Nilijiambia ni mzaha. Nilijiambia hivi: wakifika mwisho watakuta hakuna mwisho, watapiga simu, nitacheka, nitawaambia mwisho uko huku kwa Babu, anayeutaka aufuate. Watoto watamsumbua baba yao, baba yao ataona haya, tiketi zitapatikana. Kama si Krismasi hiyo, basi Pasaka. Nikabandika karatasi nyeupe safi mwishoni, nikafunga jalada la kitambaa cha bluu, nikakibana. Kilikuwa kizuri. Nawaambia ukweli, nilikipapasa mgongo na nikajisifu, maana hata fundi mwenzangu asingejua. Kinaishia ukurasa wa mia na arobaini na nne, sentensi iko katikati: "Punda akanyanyua mguu wa mbele, akautazama mto, kisha". Halafu weupe.

Ule mkunjo niliutia kwenye droo ya nyuzi. Kifurushi kikaenda.

Desemba tukaanza kusoma. Jumapili ya kwanza safi, Chiriku akicheka mpaka anakohoa alipokuja mkuu wa polisi. Yule mtoto alikuwa ameanza kusoma mwenyewe mwaka huo. Alisoma mistari mitatu kwenye simu, neno kwa neno, kama mtu anavuka mawe mtoni, na alipomaliza akauliza, "Babu, umesikia yote?" Nikasema nimesikia yote. Akasema, "Wiki ijayo nitasoma ukurasa mzima." Bibi akafuta macho na kona ya kanga akajifanya ni moshi, na jiko lilikuwa limezimwa.

Hiyo wiki ijayo ndiyo Jumapili niliyoanza nayo.

Simu ikalia. Badala ya kelele za watoto, ni mwanangu peke yake.

"Baba, kuna jambo limetokea hapa, linatuaibisha. Kitabu chako kimeharibiwa."

"Kimeharibiwaje?"

"Mwalimu alichungulia mwisho Alhamisi."

"Akaoshe vyombo," nikasema. Bado nilikuwa nacheka, mimi mjinga.

"Ameosha. Lakini amekuta kurasa za mwisho hakuna. Zimekatwa, Baba. Zimekatwa kwa ndani kabisa, hata alama haionekani. Na wiki nzima Chiriku alikuwa na mkasi anakata nyota za karatasi za kupamba dirisha. Karatasi nyeupe. Tulimuuliza, akakataa siku mbili nzima. Jana amekiri."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo niseme. Lakini neno lile, amekiri, lilinisimamisha. Amekirije mtu kitu ambacho kiko kwenye droo yangu ya nyuzi?

"Huyu hapa," mwanangu akasema. "Sema na Babu. Sema ulichosema jana."

Nikasikia pumzi ndogo ndogo.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Samahani nimekata kitabu chako cha punda. Sitarudia tena."

Bibi alikuwa kando yangu, spika iko wazi, na yeye hajui lolote. Akaweka mkono kifuani kwa huruma. Mwanangu anasikiliza kule. Mkwe anasikiliza. Wote wananingojea mimi, mzee, babu mwenye moyo mzuri. Na mimi nikasema, "Nimekusamehe, mama. Ni kitabu tu."

"Asante Babu."

Mwanangu akachukua simu, sauti imelegea. "Asante Baba. Nilijua hutamkaripia."

Hatukusoma siku hiyo. Chakula cha mchana sikukimaliza. Nilimwambia Bibi tumbo.

Jumatatu nikaenda kazini mapema. Nikautoa ule mkunjo nikauweka mezani, nikautazama, nikaurudisha. Nikaanza kutafuta njia ya kutokea dirishani. Mtu mwongo ana kazi nyingi, mimi sikujua. Nikafikiria niutume kwa posta bila maelezo. Nikafikiria niseme nimeupata chini ya meza. Mwishoni nikapata uongo ulionipendeza, wenye ufundi ndani yake, nikampigia mwanangu.

"Nimekaa nimefikiri," nikamwambia. "Hivi viwanda vya kuchapa navyo, wakati mwingine vinaruka mkunjo. Inatokea. Yawezekana kitabu kilitoka hivyo hivyo, mtoto hana kosa."

Akacheka kidogo, kicheko cha mapenzi. Ningeomba anitukane.

"Baba, we unahesabu mikunjo mara mbili. Umenifundisha mwenyewe, nikikosea unanipiga na rula. Kitabu kikose mkunjo kipite mikononi mwako? Usimtetee mtoto. Amekiri mwenyewe."

"Watoto wanaweza kukiri..."

"Una huruma sana, Baba. Ndiyo maana wanakupenda."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Miaka arobaini na moja ya kazi safi ikageuka ikawa ushahidi dhidi ya mtoto wa miaka sita. Na kila nilivyozidi kumtetea, ndivyo nilivyozidi kuwa mzee mwema.

Jumatano mkwe wangu akampigia Bibi, mambo yao ya wanawake, mimi niko mlangoni navua viatu. Nikasikia Bibi anauliza, "Anaogopa nini?" Halafu, "Maskini." Alipomaliza nikamuuliza kuna nini.

"Chiriku hataki kushika vitabu."

"Hataki kusoma?"

"Hataki kushika. Shuleni mwalimu akigawa vitabu anaficha mikono chini ya meza. Wamemuuliza, anasema mikono yake ni mibaya."

Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi.

Unaweza kudhani hapo ndipo nilipopiga simu. Sikupiga. Nilisema nitapiga kesho. Kesho nikasema mkwe yuko zamu. Keshokutwa nikasema hili si jambo la kusema kwa simu, ni la kukaa uso kwa uso, na uso kwa uso hawaji, kwa hiyo unaona jinsi kichwa kinavyoweza kukuzungusha. Nilijua nikisema watanijibu nini. Mwanangu atajua baba yake ni mtu gani. Watoto watanionaje? Nilikuwa nimebakiwa na sauti yao tu, siku moja kwa wiki. Niliogopa kuipoteza na hiyo.

Tarehe ishirini na tatu Bibi alikuja chumbani kwangu. Yeye huwa haji, anasema gundi inampa mafua. Alikuja kutafuta uzi mgumu wa kushonea kifungo cha koti langu la kanisani. Niko kwenye ngazi nashusha kitambaa cha majalada, nikasikia droo inafunguka, nikasema moyoni basi.

Akakaa kimya. Bibi akikaa kimya, teremka kwenye ngazi.

Alikuwa ameushika mkunjo. Yeye anasoma haraka kuliko mimi, alifika darasa la saba. Akasoma mstari wa kwanza, akageuza, akasoma wa mwisho. Akaniangalia.

"Hiki ni nini?"

"Ni mkunjo."

"Najua ni mkunjo, nimeolewa na mikunjo. Wa nani?"

"Wa kitabu chao."

"Chako kiko nyumbani kitandani, kizima. Nimekiona asubuhi."

"Ndiyo."

Akavuta kiti akakaa. Nilimweleza yote, nimesimama kama mtoto aliyeitwa ofisini. Ya simu ya Novemba, ya mzaha, ya Pasaka. Nilipofika kwenye lile neno nimekusamehe, alifumba macho.

"Nilikuwa nimekaa pale pale," akasema. "Nikasema moyoni, nimeolewa na mtu mwema."

"Mama watoto, unisaidie. We unajua kuongea nao. Mwambie mkwe taratibu..."

"Mimi? Mimi nilikata?"

"Hukukata."

"Basi."

"Watanichukia."

"Labda," akasema. Hakusema hapana. Kwa ajili ya miaka yote ile ya ndoa angeweza kunitupia hapana moja, hakunitupia. Akachukua uzi wake, akaurudisha mkunjo mahali pake taratibu, akainama mlangoni akatoka. Nyumbani tulikula, tulienda kanisani, aliniwekea chai kama kawaida, lakini kila alichonipa alinipa bila kuniangalia.

Krismasi wakapiga saa nane mchana wetu. Kwao asubuhi inaelekea mchana. Tulikuwa tumekaa mezani tayari, kuku yuko sahanini, Bibi amevaa gauni la kijani, ule mkunjo niliouleta kutoka kazini uko kando ya sahani yangu. Simu ikalia mara tatu. Hakuipokea. Akaisukuma mezani mpaka ikanigusa kidole.

Heri ya Krismasi, heri ya Krismasi, shikamoo, marahaba, mmeamkaje, tumeamka. Mwalimu akaniambia wana wageni, mtu mmoja wa kazini kwa mama yao. Nikasema, "Nipe Chiriku."

"Hataki simu, Babu."

"Mwambie Babu hataki asome. Babu ana neno moja tu."

Kukawa na kuvutana, halafu pumzi zile ndogo.

"Chiriku."

"Naam."

"Kitabu cha punda. Hukukikata wewe. Nilikikata mimi."

Nikaendelea kabla hajajibu.

"Kabla sijakituma. Nilitoa kurasa za mwisho nikashona bila hizo. Ziko hapa. Wewe hukugusa kitu."

Nilitegemea atalia, au atapiga kelele, au atacheka. Akauliza kwa sauti ya chini sana, "Kwa hiyo si mimi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Yule mtoto alikuwa hajui. Wamemwambia amekata, amesema amekata, na mwisho akaanza kukumbuka anakata.

"Si wewe. Kwa nini ulisema ni wewe, mama?"

"Baba alisema hakuna kutoka mezani mpaka aliyekata aseme. Na nilitaka kukojoa."

Bibi akaweka uma chini.

"Si wewe," nikasema tena. "Ni mimi."

"Sema na dada asikie."

Sikutegemea hilo. Nikasikia nyayo, simu inasafiri. "Babu ana kitu anataka kukwambia," Chiriku akasema, na nikamwambia Mwalimu. Mwalimu hakunisahihisha neno hata moja. Mwisho akauliza, "Lakini Babu, kwa nini?"

"Nilitaka mje."

"Mimi ndiye niliyemsema," akasema. "Mimi ndiye niliyeleta mkasi kwa Baba nikamwonyesha."

"Lako utaongea naye mwenyewe. Langu ndilo hili."

Simu ikanyang'anywa. Nyayo tena. Maji yanatiririka, vyombo. "Mama, Babu anataka kukwambia kitu." Mkwe wangu akasema, "Shikamoo Baba, mikono ina sabuni," nikamwambia. Maji yakafungwa. Mara ya tatu si rahisi kuliko ya kwanza, ni ngumu zaidi, kwa sababu sasa unayajua maneno yote kabla hujayasema.

"Baba," akasema mkwe, polepole, "nilimnyima mkasi. Nilimkalisha mbali kila dada yake akishika kitabu, nikimwangalia. Wiki mbili."

"Najua, mwanangu."

"Hapana," akasema. "Hujui." Hana mdomo mchafu yule binti, hajawahi kunijibu tangu aolewe. Nilistahili.

Kwa mwanangu nilitaka maneno yawe mafupi. Nikasema nilitoa mkunjo wa kumi baada ya kuhesabu mara mbili. Alielewa hapo hapo, ni mtoto wa karakana. Nilimsikia anatoka nje, mlango unafungwa, upepo wa huko.

"Ulipiga simu ukaniambia ni kiwanda."

"Ndiyo."

"Na mimi nikasema una huruma."

"Ndiyo."

"Baba." Akapumua. "Tutaongea. Si leo. Leo sitaki kusema kitu nitakachokijutia."

"Sawa, baba," nikamjibu. Nilimwita baba kama nilivyomwita akiwa mdogo. Sijui kama alisikia.

Nikadhani yamekwisha. Mlango ukafunguka tena, na Chiriku akasema, "Bado mgeni."

"Mama, mgeni hanijui."

"Lakini aliambiwa nilikata. Mama alimwambia."

Basi nikapewa mgeni. Mwanamke mtu mzima, muuguzi, anaongea lugha yetu vizuri, bahati mbaya yangu. Nikamwambia, hujambo mama, mimi ni babu wa huyu mtoto, ule mkasa wa kitabu uliosikia, aliyekata ni mimi.

"Aa," akasema. "Pole mzee." Kisha, maana alikuwa hajui afanye nini na simu ya watu, "Mimi nimekuja tu kula."

Bibi akageuka akatazama dirishani, mabega yanatikisika. Sikuweza kujua kama analia au anacheka, na sikuthubutu kuuliza.

"Wamekwisha?" nikamuuliza Chiriku aliporudi.

Alifikiria. Nilisikia anahesabu, anataja taja majina. "Wamekwisha. Mwalimu wa shule nitamwambia mwenyewe."

"Nitamwandikia barua."

"Andika. Useme hukukosea, ulifanya makusudi."

"Nitaandika hivyo."

"Mimi mikono yangu iko sawa?"

"Mikono yako ni mizuri. Iko sawa kabisa. Mibaya ilikuwa yangu."

Kule nyuma walianza kuvuta viti. Nikamwambia nitawatumia mkunjo kwa posta kesho kutwa, au kama anataka nimsomee sasa hivi, uko hapa mkononi.

"Leo sitaki kusoma na wewe."

"Sawa, mama."

"Na sijakusamehe."

"Sawa."

"Lakini usiondoke. Mimi nakwenda kula, wewe kaa hapo hapo kwenye simu."

Akaiweka simu, nadhani mezani, kando ya sahani yake. Nikasikia vijiko, mgeni anasifu chakula, Mwalimu anaomba apitishiwe chumvi, mwanangu anarudi ndani na kuvuta kiti. Bibi alinisogezea sahani. Akaniuliza kwa midomo tu, vipi?

"Nimeambiwa nikae," nikamwambia.

"Mpaka lini?"

"Hakusema."